Tangi Lililonukia Waridi
Sehemu ya tisa: Mtungi chini ya meza

Njiti ya kwanza iliwaka vizuri, ikafika kwenye jiko, ikafa.

Hapo ndipo tulipomwacha Mama Tangi wiki iliyopita: ameinama mbele ya jiko jipya, mgongo kwa watu, chini ya turubai lililojaa wageni wa suti mbele na wakazi wa Mtaa wa Chini nyuma, na koki ya gesi iko wazi hadi mwisho. Nasikia mlibishana wiki nzima. Wapo waliosema njiti zimelowa. Wapo waliosema huyu mwanamke ana gundu. Sogeeni, leo mnajua.

Akawasha ya pili. Akaisogeza taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Moto ukala njiti hadi ukagusa vidole vyake. Jiko kimya.

"Labda linaona haya," mtu akasema huko nyuma, na wakazi wakacheka.

Mama Tangi hakucheka. Akatega sikio kwenye jiko. Gesi ina sauti, hata ikiwa kidogo. Hupuliza polepole kama mtoto aliyelala. Hapa hapakuwa na pumzi kabisa.

Wewe uliyeingia leo, chukua kiti, nakueleza haraka. Kiwanda cha maji taka kimekaa ubavuni mwa Mtaa wa Chini tangu wazazi wa leo wakiwa wanatambaa. Vyoo vyote vya mji vinaishia hapo. Miaka yote hiyo wakazi wamekula harufu yake na chai ya asubuhi, nguo zao zimekauka nayo kambani, wachumba wamekuja kuposa huku wameziba pua. Kisha likajengwa tangi la kuozeshea tope, hili analolitunza Mama Tangi. Tope linaingia, linafunikwa, vijidudu visivyoonekana vinalila gizani na kutoa gesi, na gesi hiyo inapikia. Tope linalobaki linakaushwa linakuwa mbolea. Hata ule ukoko mweupe uliokuwa unaziba mabomba, ambao mafundi waliuvunja kwa nyundo na kuutupa, siku hizi unasagwa na wakulima wanaugombania.

Mabomba ya gesi yalikwisha kufukiwa hadi kwenye milango ya Mtaa wa Chini. Kilichobaki ni mkaguzi kutoka makao makuu auone moto kwa macho yake, aseme yafunguliwe. Asipouona, magari ya kunyonya yanakuja, tangi linakaushwa na kufungwa, na watu wanabaki na harufu yao kama zamani.

Moto mmoja tu. Mtaa mzima ulikuwa umevaa nguo nzuri kusubiri moto mmoja.

"Gesi iko wapi?" akauliza mkaguzi. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, amevaa gauni la heshima na chini yake buti za mpira, maana kazi hii aliianza akiwa msichana na anajua anakokwenda.

"Inakuja, mheshimiwa," akajibu meneja. "Bomba ni refu."

Meneja mnamjua. Wafanyakazi wanamwita Marashi, kwa sababu hajawahi kuvuka uwanja wa kiwanda bila kujipulizia. Anajipulizia akishuka garini, anajipulizia akitoka ofisini, na kachupa kengine kanakaa mfukoni mwa koti. Mtu anakula mshahara wa mavi na hataki kuyanusa. Mniwie radhi kwa neno hilo, lakini nimelitafutia la adabu zaidi nikakosa.

Marashi akainama kando ya Mama Tangi. Uso ulikuwa unawachekea wageni. Mdomo ulikuwa unanong'ona bila kufungua meno.

"Chini ya meza. Nyuma ya kitambaa."

"Kuna nini?"

"Mtungi. Mpira wake uko hapo karibu na goti lako. Chomeka, washa, watu wapige makofi, twende tukale."

Mama Tangi akageuza shingo taratibu. "Mtungi wa gesi ya dukani?"

"Gesi ni gesi, mama. Nani ataiuliza imetoka wapi?"

"Umeuweka lini?"

"Chomeka kwanza. Maswali tutaulizana ofisini."

Tusidanganyane. Wengi wetu tungechomeka. Macho yote yale mgongoni, na njiti imebaki moja. Hata yeye mkono ulisogea. Akaushika ule mpira, akausikia ulivyo baridi. Halafu akayafikiria majiko ya Mtaa wa Chini. Mabomba yangefunguliwa, sawa. Yatoe nini? Kila mama angeinama jikoni kwake na njiti yake, mgongo kwa watoto, na kupata kile alichokipata yeye.

Akauachia mpira. Akashika pindo la kitambaa cha meza, kile cheupe cha maua kilichoazimwa kwa ajili ya siku hiyo, akakivuta chote.

Glasi zikaenda. Vyombo vya maua vikaenda. Mfuko wa mbolea ya maonyesho ukapasuka miguuni mwa wageni. Mtungi ukabaki umesimama peke yake chini ya meza, mpya, karatasi ya dukani bado imebandikwa tumboni.

"Moto wenu huu hapa," Mama Tangi akasema. "Umenunuliwa dukani."

Kisha turubai likachemka.

"Yaani tumenusa na kunuka bure?"

"Mwanangu anaitwa Kinuka shuleni. Kinuka. Kwa ajili ya mtungi?"

"Mtoeni huyo marashi yake tumwone rangi."

"Ni tahadhari tu," Marashi akawa anasema, mikono juu. "Jamani, ni tahadhari. Hata kwenye harusi watu huweka jenereta."

"Harusi yako iko wapi?" akajibu yule mama wa Kinuka. "Maana bibi harusi amekwisha kukukataa."

Mkaguzi hakupaza sauti. Alikuwa ameinama anaokota mbolea iliyomwagika. Akaileta puani. Akakunja uso.

"Meneja, mbolea yako inanukia waridi."

"Ni... tuliipulizia kidogo, mheshimiwa. Kwa ajili ya wageni."

Mkaguzi akakung'uta mikono. "Mama, nipeleke kwenye tangi. Nyie wengine, anayetaka kuja aje."

Nani angebaki?

Uwanja wa kiwanda ulikuwa unang'aa kuliko kituo cha polisi. Mawe ya kando ya njia yote yamepakwa chokaa. Maua yamepandwa kwenye matairi ya zamani. Kila bomba, kila ngazi, kila kizuizi kimepakwa rangi ya fedha. Wiki nzima hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Marashi alitoa amri Jumatatu asubuhi: kila mtu aache alichokuwa anafanya, ashike brashi. Mama Tangi alikataa. Akaambiwa tangi haliendi popote, mawe ndiyo yanayoonekana kutoka barabarani. Akapewa ndoo ya chokaa.

Wakafika chini ya tangi. Mama Tangi akatafuta geji, ile saa ya kupimia nguvu ya gesi ambayo kila asubuhi aliiangalia kabla hata ya kusalimia watu. Akaitafuta kama mtu aliyepapasa mfuko akakuta umetoboka.

Geji ilikuwepo. Aliyepaka rangi hakuwa na ubaguzi. Alipaka bomba, akapaka geji, akapaka na kioo chake.

Mama Tangi akatoa ufunguo wa nyumba yake akakwangua. Rangi ikatoka kwa vipande. Nyuma yake mshale ulikuwa umelala chini kabisa.

"Nani alikuwa zamu hapa wiki hii?" mkaguzi akauliza.

"Hakuna, mheshimiwa," Mama Tangi akasema. "Sote tulikuwa tunaremba mawe."

Hapo ndipo alipomwona shemeji yake.

Fundi, mdogo wa marehemu mumewe, fundi bomba wa kiwanda, alikuwa amesimama pembeni ya koki kubwa na spana mkononi. Mnakumbuka sehemu ya nane. Mnakumbuka Mama Tangi alimwona akitoka ofisini kwa Marashi, mlango ukafungwa kwa upole nyuma yake, na Fundi akatazama huku na huku kabla ya kuondoka. Mlinitumia ujumbe mkasema ameuza. Mama Tangi naye alisema hivyo hivyo moyoni, na ndani ya siku mbili neno hilo lilikuwa limeiva.

"Umefunga wapi?"

"Kufunga nini, shemeji?"

"Gesi. Alikuita ofisini akakupa nini?"

"Shemeji, subiri..."

Hakusubiri. Kofi lilimkuta Fundi shavuni mbele ya mkaguzi, wageni na mtaa mzima. Spana ikaanguka ikagonga bomba, na bomba likalia kama debe tupu.

Fundi hakurudisha. Akagusa shavu, akautazama mkono wake.

"Aliniita nimfungie huo mtungi chini ya meza," akasema taratibu. "Nikakataa. Nikaja kukuambia siku ile ile. Ulikuwa umechuchumaa na brashi. Uliniambia, 'Shemeji, usinisumbue, nina mawe ya kupaka.' Unakumbuka au nikukumbushe kwa kofi?"

Mama Tangi akakumbuka. Ilionekana usoni.

"Kaka angekuwa hai," Fundi akaendelea, "usingeinua huo mkono." Akaokota spana, akapita katikati ya watu, akatoka getini. Watu wakampisha kama wanavyompisha mfiwa.

Sasa angalieni jambo moja ambalo wengi pale hawakuliona. Dada yake Fundi alikuwepo, wifi yake Mama Tangi, yule mfanya usafi wa kiwanda. Anaitwa Redio. Ni mtu ambaye hata usingizini anatangaza. Kaka yake amepigwa kofi mbele ya umati, na Redio hajasema neno. Amesimama na ufagio wake, anaangalia viatu.

Mkaguzi alikuwa amepanda ngazi hadi kwenye mdomo wa chemba ya kuingilia tope. Akasimama juu pale, mikono kiunoni.

"Nawauliza swali," akasema. "Mbona hatujaziba pua?"

Watu wakatazamana. Kweli. Hakuna aliyeziba. Tangu asubuhi kulikuwa na kitu kimepungua hewani na kila mtu alidhani ni upepo.

"Nimepanda matangi ya namna hii tangu sijaolewa," mkaguzi akasema. "Sijawahi kusimama juu ya tope nikadhani niko saluni. Fungueni hii."

Kifuniko kikafunguliwa. Likatoka povu la rangi ya pinki, laini, linameta juani. Na harufu ya waridi ikashuka ngazi, ikawafunika wote.

"Dawa ya kuua vijidudu," mkaguzi akasema. "Mmewapa sumu wafanyakazi wenu wa gizani. Nani amemwaga?"

Marashi akakohoa. Akatazama saa. Akagundua ghafla kwamba tai yake imekaa vibaya.

"Nani amemwaga?"

"Mimi."

Ilikuwa sauti ndogo. Redio alikuwa amekumbatia ufagio kama nguzo ya kitanda.

"Wifi?" Mama Tangi akasema.

"Bosi aliniletea madumu. Akasema nisafishe uwanja, nioshe mabomba, na inayobaki nimwage humo kwenye chemba, kila siku, ili harufu itulie wageni wakija. Akasema nikifanya vizuri nitaajiriwa kabisa, si kuitwa siku kwa siku." Akafuta pua kwa kiganja. "Akasema nisikuambie wewe, utaleta ubishi. Nikaona, sasa kusafisha nako kuna kosa gani?"

Mama Tangi alitembea hadi usoni kwake. Watu wakarudi hatua nyuma, maana mkono ule ulikuwa bado wa moto.

"Redio. Mji huu unajua nani kaachika na nani kajifungua kwa sababu ya mdomo wako. Ulitangaza mimba yangu kabla mimi sijaijua. Na siri moja, moja tu katika maisha yako, umeweza kuitunza, ndiyo hii?"

Kuna watu walicheka. Redio alilia.

"Madumu yote umemwaga humu?" mkaguzi akauliza kutoka juu.

"Yote," Redio akasema, akageuza macho pembeni.

Kumbukeni hayo macho.

Mama Tangi alikuwa amekwisha kumgeukia Marashi. "Ulijua. Ndiyo maana ukanunua mtungi."

"Sikujua, wallahi. Niliona tu ule moto wa kule juu ya bomba, unaochoma gesi ya ziada, unasinyaa, nikasema nijihami." Jasho lilikuwa linamtoka na marashi yake. "Sikiliza, mama, mimi nilitaka tuonekane watu. Watu wa maana. Wageni wanashuka kwenye magari yao, kitu cha kwanza wanakutana na ile... ile harufu. Nilikuwa nawaficheni aibu."

"Aibu ya nani?"

"Ya wote."

"Hao wageni wako hawaendi chooni? Hiki kilichomo humu kimeletwa na nani, ndege? Nusu yake imetoka kwenye nyumba kama yako, bosi, zenye vyoo vitatu. Inashuka kwetu. Tunainusa sisi. Leo ilikuwa ianze kutulipa moto, na wewe ukaipulizia waridi ikafa."

"Si mtaanza upya?" Marashi akasema, na hapa ndipo alipojimaliza mwenyewe. "Ni kinyesi tu. Kwani kitaisha?"

Yule mama wa Kinuka alikuwa amechoka kusikiliza. Alimwendea, akaingiza mkono mfukoni mwa koti lake, akatoa ile chupa. Akafungua kifuniko. Akaanza kumpulizia. Kichwani. Masikioni. Mdomoni alipofungua kulalamika. Kwenye tai. Watu wa suti walirudi nyuma kulinda suti zao. Akampulizia hadi chupa ikatoa upepo mtupu, kisha akairudisha mfukoni na kuugonga mfuko kwa kiganja mara moja, taratibu.

"Haya," akasema. "Sasa umekuwa mtu."

Marashi akakimbilia bomba la maji. Hatutamhitaji tena leo.

Mkaguzi akashuka ngazi. "Hasira mmemaliza?"

"Bado," akasema Mama Tangi.

"Basi zihifadhi, kuna kazi. Hili tangi halijafa lote. Chini kabisa huenda wapo waliobaki, lakini ni wagonjwa, hawawezi kuinuka wenyewe. Fungeni mfereji wowote unaoleta dawa. Toeni maji ya juu yenye povu. Halafu lazima mtie mbegu: tope hai, kutoka tangi jingine linalopumua, lishike hapa kama hamira. Nikiona mbegu hai inaingia humu kabla sijaondoka jioni hii, magari ya kunyonya nayarudisha. Moto nitakuja kuuona siku nyingine. Nisipoiona, siwezi kuandika kwamba maiti inapumua." Akamkazia macho. "Mbegu unayo?"

Mama Tangi alikuwa ameshaanza kuvua kilemba cha sherehe na kukifunga kiunoni.

"Iko uani kwa mama mkwe."

Hili nalo wapya hawalijui. Nyuma ya nyumba ya mama mkwe, chini ya ua, kuna tangi dogo. Alilijenga marehemu mumewe na mdogo wake Fundi, wawili tu, na saruji ya kubahatisha, wakati watu wakiwacheka. Maji ya choo na ya jikoni yanaingia humo. Mama mkwe anapikia gesi yake hadi leo. Na lile tangi kubwa la kiwanda lilipokamilika, lilianzishwa kwa tope la hapo, ndoo kwa ndoo. Yaani mbegu yote ilitoka kwenye ua ule.

Tatizo lilikuwa moja. Kifuniko chake kina boliti ambazo marehemu alizichonga mwenyewe, na spana inayozifungua iko moja. Iliondoka getini muda mfupi uliopita, mkononi mwa mtu mwenye alama ya vidole vitano shavuni.

Wakaenda kwa miguu, karibu mbio, wanawake na ndoo mbele, wengine nyuma kwa kuwa waliona wengine wanakwenda. Redio alikuwa mwisho kabisa. Kadiri nyumba ya mama yake ilivyokaribia ndivyo alivyozidi kubaki nyuma.

Nyumba ya mama mkwe haijawahi kuwa tupu, na siku ile ilijaa hadi dirishani. Majirani waliokuwa wamevimba miguu kwa kusimama kwenye turubai walikwisha kufika kwa njia ya mkato na kuketi. Habari ya kofi ilikuwa imefika kabla yao. Jikoni sufuria kubwa ilikuwa juu ya moto, na moto ulikuwa wa bluu. Mama Tangi aliuona kupitia mlangoni, akajua tangi linapumua, akakaza mwendo kuelekea uani.

Uani, juu ya kifuniko cha tangi, Fundi alikuwa ameketi. Mikono kifuani. Spana mapajani. Shavu limevimba kama amebana embe.

"Shemeji, inuka."

"Siinuki."

"Tangi kubwa limemwagiwa dawa. Tunahitaji mbegu kabla ya jioni."

"Nimesikia. Pole."

"Sasa inuka."

"Umenipiga mbele ya watu," Fundi akasema. "Umeniita msaliti mbele ya watu. Watu hao hao wako hapa. Niombe radhi."

"Kwa muda huu? Kweli?"

"Mimi sina haraka. Nilikuwa na kazi ya kumsaidia shemeji yangu, nikafukuzwa kwa kofi."

"Nani kampiga mwanangu?" sauti ya mama mkwe ikatoka jikoni.

"Si kitu, mama," wakajibu wote wawili kwa pamoja.

Mama Tangi akakunja ngumi. "Haya. Samahani."

"Hiyo ni ya kumkanyaga mtu kwenye foleni," Fundi akasema. "Nataka ile yenyewe."

"Mpe bwana," jirani mmoja akasema dirishani. "Samahani haikatwi kwenye mshahara."

"Wewe nyamaza, mume wako unamwomba lini?" akajibu jirani mwingine.

Ndipo Redio alipofika mlango wa jikoni. Alisimama kizingitini akihema, na pua yake ikafanya kazi kabla ya akili. Ilinusa. Ikanusa tena. Waridi.

Mama mkwe alikuwa katikati ya jiko, kanga imefungwa vizuri, ndoo imejaa mkononi. Sakafu yote ilikuwa inang'aa.

"Mama," Redio akasema, na sauti ikakatika. "Hiyo ndoo ina nini?"

"Si ndiyo ile dawa yako uliyoniletea juzi? Dumu lililobaki kazini." Mama mkwe alitabasamu, anajivunia bintiye mbele ya majirani. "Juzi nilitia kidogo tu kwenye maji ya kuoshea sakafu, nikaona inavyopendeza. Leo nimesikia nyumba ina wageni, nikasema nimimine lote."

Akainamisha ndoo juu ya tundu la maji machafu, lile la pembeni ya jiko, linaloshuka moja kwa moja hadi kwenye tangi la uani.

Redio, mtangazaji wa mji, alifungua mdomo na hakikutoka kitu.

Aliyeruka ni Fundi. Mlango wa uani uko hatua chache na yeye alikuwa amekwisha kuliona lile povu la pinki. Alivuka kizingiti, akateleza, akaanguka kwa kishindo, na akiwa chini akanyoosha mguu na kubana kisigino chake ndani ya tundu. Kandambili ilikwenda zake. Kisigino kikakaa. Maji yakarudi, yakaenea sakafuni, yakapita chini ya viti, na majirani wakapanda juu ya viti wakipiga kelele na kushikana.

"Kuna nini?" mama mkwe akauliza, ndoo tupu mkononi. "Nimekosea nini?"

"Usiondoe huo mguu, shemeji," Mama Tangi akasema, akiingia nyuma yake.

"Sitaondoa." Uso wa Fundi ulikuwa umekunjamana. Dawa ile ilikuwa kali, na kisigino chake kilikuwa na nyufa kama cha kila mtu anayefanya kazi kwenye maji. "Lakini niombe radhi."

"Inakuunguza."

"Inaniunguza. Ndiyo maana nakwambia haraka."

Nyumba nzima ikamtazama Mama Tangi. Walikuwa wamesimama juu ya viti kama kuku wakati wa mafuriko. Mama Tangi alimtazama yule mtu aliyelala kwenye maji ya pinki kwa ajili ya tangi la kaka yake, shavu moja kubwa kuliko lingine, na ile hasira iliyokuwa imemsimamisha tangu asubuhi ikakosa pa kusimama. Akapiga magoti papo hapo, gauni la sherehe likanywa waridi.

"Shemeji," akaanza, "mbele ya watu wote hawa..."

Nyuma yake, chini ya sufuria, moto wa bluu ukakohoa. Ukawa wa njano. Ukakohoa tena, ukawa mdogo kama kidole.

Mama Tangi akageuka katikati ya neno.

"Achana na hilo, endelea kumwomba mwenzio," mama mkwe akasema. "Tangu jana linafanya hivyo. Nilidhani ni sufuria."